Kupiga mbizi na manta na papa katika visiwa vya Revillagigedo, Meksiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa mpiga mbizi ambaye tayari ana cheti na anafikiria safari ya visiwa vya mbali. Tumejibu kwa kirefu yale yanayowaponza watu wakiwa majini, na kwa kifupi yale ambayo kampuni ya boti itakueleza yenyewe.

Visiwa hivi viko wapi, na kwa nini watu hufunga safari ndefu kuvifuata?

Revillagigedo ni visiwa vinne vya volkano katika bahari ya Pasifiki: San Benedicto, Socorro, Roca Partida na Clarión. Wapiga mbizi wengi huviita vyote Socorro, kwa jina la kile kikubwa. Kutoka Cabo San Lucas, kwenye ncha ya kusini ya rasi ya Baja California, hadi San Benedicto ni karibu kilomita 400 za bahari tupu, yaani saa 24 hadi 30 za safari kutegemea boti na upepo. Hakuna hoteli, hakuna kijiji. Wanaoishi huko ni wanamaji wa jeshi la Meksiko, Socorro na Clarión.

Ardhi yenyewe ni changa. Volkano ya Bárcena iliyopo San Benedicto ilizuka Agosti 1952, na majivu yake yakafunika kisiwa na kumaliza kabisa aina ya ndege mdogo aliyekuwa akiishi hapo tu. Chini ya maji hadithi ni nyingine. Miamba hii inapanda ghafla kutoka kilindini, mkondo wa bahari kuu unaigonga, maji ya baridi yenye rutuba yanapanda juu, planktoni (viumbe vidogo mno vinavyoelea majini) inastawi, na kila anayekula planktoni au anayewala walao planktoni anafika. Mwaka 2016 UNESCO iliviingiza visiwa hivi kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2017 Meksiko ilivitangaza kuwa hifadhi ya taifa yenye zaidi ya kilomita za mraba 140,000 za bahari, ambamo uvuvi umepigwa marufuku.

Manta ni taa huyuhuyu tunayemjua pwani?

Ni wa ukoo mmoja na taa, lakini si yule anayejifukia mchangani na kumchoma mtu mguuni. Manta mkubwa wa bahari kuu, kwa jina la kisayansi Mobula birostris, hana mwiba wa kuchoma unaofanya kazi. Hukaa katikati ya maji, hula planktoni, na mabawa yake yakikunjuliwa yanaweza kufika mita 7 kutoka ncha hadi ncha. Zile zinazoonekana kama pembe mbili ni mapezi ya kichwa anayoyatumia kuelekeza chakula mdomoni. Hawezi kutulia sakafuni akapumua, kwa hiyo huogelea maisha yake yote. Katika Revillagigedo utawaona wenye mgongo mweusi na mabaka meupe mabegani, na wengine weusi tii juu na chini.

Anapatikana pia katika maji ya Afrika Mashariki, na wavuvi wetu humjua kwa kuwa hunasa kwenye jarife. Hapo ndipo ubaya ulipo: jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mimba ya karibu mwaka mzima, kisha hupumzika miaka kadhaa. Samaki anayezaa namna hiyo hawezi kufidia wanaovuliwa. Tangu 2020 yumo kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Kwa nini manta wa huko huwasogelea watu?

Sababu ya kwanza ni usafi. Miamba kama El Boiler, upande wa San Benedicto, ni kituo chao cha kusafishwa. Kitatange wa Clarion, samaki mdogo wa rangi ya chungwa, hutoka mwambani na kumdonoa manta vimelea vya ngozini. Manta huja, hupunguza mwendo, huzunguka, hurudi.

Sababu ya pili ni udadisi. Manta ana ubongo mkubwa kuliko samaki yeyote mwingine, na wa Revillagigedo huja juu ya mapovu ya mpiga mbizi na kuyaacha yamgonge tumboni. Wengine husimama karibu kabisa na kukutazama jicho kwa jicho. Jambo hilo haliwezi kulazimishwa.

Nifanye nini hasa manta anapokuja?

Kidogo sana, na hilo ndilo gumu. Tafuta mahali pako kando ya mwamba kabla hajafika. Usikae juu ya kilele cha El Boiler, kwa sababu hapo ndipo vitatange hutokea na ndipo anapopita. Ukikaa pale umemfungia mlango. Kaa pembeni, usawa wa kina chake au chini kidogo. Rekebisha hewa ya jaketi lako la kuelea hadi uelee bila kupiga mapezi, kunja mikono, vuta pumzi polepole.

Akikusogelea, usimwendee uso kwa uso. Geuka upande ili akuone kwa jicho moja. Akipita juu yako, endelea kupumua kawaida; usizuie pumzi ili kumpunguzia mapovu, kwanza kwa sababu kuzuia pumzi ni hatari, pili kwa sababu mapovu ndiyo aliyoyafuata. Akiondoka, mwache aondoke.

Kosa tunaloliona mara nyingi zaidi ni kumfukuza. Manta hupiga bawa mara moja tu na wewe umeshaachwa. Ukipiga mapezi kwa nguvu unamaliza hewa yako, unapanda au kushuka bila kujua, na kundi zima linapoteza mnyama ambaye angerudi baada ya dakika mbili. Kundi linalotulia hukaa naye muda mrefu. Kundi linalofukuza hurudi kwenye boti likilalamika kwamba manta walikuwa wachache.

Naweza kumgusa?

Hapana. Ngozi yake imefunikwa ute unaomkinga na vijidudu, na mkono wako unaufuta. Kwa sababu hiyohiyo glavu haziruhusiwi hifadhini: mtu asiye na glavu hashiki ovyo, wala mwamba wala mnyama. Usishike pia chazo walionata mgongoni mwake.

Nitaona papa gani?

Papa wa ncha nyeupe wa miambani ndio wa uhakika zaidi. Pale Roca Partida hulala wamebanana kwenye vijishubaka vya ukuta, watano au kumi pamoja, kwa kuwa wao wanaweza kusukuma maji kwenye matamvua wakiwa wametulia. Papa wa Galápagos, papa wenye ncha za fedha na papa laini huonekana katika visiwa vyote. Papa laini hupenda maji ya juu, kwa hiyo mara nyingi utakutana naye umesimama mita 5 ukisubiri kumaliza mbizi.

Pingusi, papa wa kichwa cha nyundo, hutembea kwa makundi kwenye maji ya baridi, mara nyingi kati ya mita 25 na 40, mbali kidogo na ukuta. Ni waoga. Mapovu huwatorosha. Ukitaka kuwaona, shuka na kiongozi wako taratibu, kaa karibu na mwamba, toa pumzi kidogokidogo, usimulike wala usinyooshe mkono. El Cañón, San Benedicto, ni mahali pazuri kwao. Papa chui huonekana mara mojamoja. Papa potwe, yuleyule wa Mafia ambaye Kenya humwita papa shilingi, hupita zaidi mwanzoni na mwishoni mwa msimu.

Je, hawa papa hawali watu?

Katika mbizi za kawaida, bila chambo, papa hawa humpita mtu kama wanavyopita mwamba. Chambo hakitumiki huko, na hilo linabadilisha tabia yao kabisa. Hata hivyo, heshima ni lazima. Papa aliyekasirika huonyesha: huinamisha mapezi ya ubavuni, hupinda mgongo, huogelea kwa mikato ya ghafla. Ukiona hivyo, usigeuke kukimbia. Kaa wima, mtazame, mgongo wako uwe ukutani au kwa mwenzako, kisha ondokeni pamoja polepole.

Juu ya maji ndiko watu hujisahau. Papa laini wakiwa wengi, usipigepige maji. Weka uso ndani ya maji uwaone, kaa wima karibu na wenzako, na panda boti ndogo kwa zamu bila kurusha miguu.

Msimu mzuri ni upi?

Novemba hadi mwanzoni mwa Juni. Miezi mingine ni ya vimbunga na boti haziendi. Novemba na Desemba maji huwa nyuzi 25 hadi 28 na bahari ni tulivu zaidi. Februari hadi Aprili hushuka hadi 21 au 22, upepo wa kaskazini huwa mkali, lakini ndio wakati wa nyangumi wenye nundu. Sauti zao husikika chini ya maji karibu kila mbizi kuanzia Januari. Manta wapo msimu wote. Kama hii ni safari yako ya kwanza na umezoea maji ya nyuzi 28 ya pwani yetu, chagua Novemba au Mei.

Nivae suti gani, na risasi za uzito kilo ngapi?

Suti ndefu ya mpira ya milimita 5 yenye kofia ya kichwani inatosha mwanzoni na mwishoni mwa msimu. Februari hadi Aprili chukua ya milimita 7. Mbizi ya kwanza ya siku hudanganya. Baridi inaingia kwenye ya tatu.

Aliyejifunza Zanzibar au Diani akiwa na suti ya milimita 3 atahitaji risasi zaidi, na wengi hukosea hapa. Anza na sehemu ya kumi ya uzito wako: mtu wa kilo 70 mwenye suti ya milimita 5 na mtungi wa alumini aanze na kilo 7, kisha apime. Kwa milimita 7 ongeza kilo moja na nusu au mbili.

Kipimo cha kweli hufanywa mwisho wa mbizi. Ukiwa na bar 50 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa) mtungini, jaketi tupu, kwenye mita 5, unapaswa kuelea palepale. Mtungi wa lita 11 hupoteza karibu kilo 2 za hewa kati ya bar 200 na 50, kwa hiyo aliyekuwa sawa mwanzoni huwa mwepesi mwishoni, akashindwa kukaa mita 5 wakati ambapo kukaa ndiko kunakomlinda. Aliyebeba risasi nyingi mno naye hujaza jaketi hewa, na hewa hiyo hutanuka anapopanda na kumvuta juu kama boya.

Ninahitaji cheti na uzoefu gani?

Cheti cha Advanced Open Water, na angalau mbizi 50 zilizoandikwa kwenye daftari. Kampuni nyingine hukubali pungufu. Ushauri wetu ni usikubali kukubaliwa. Kinachohitajika zaidi kuliko idadi ni uwezo wa kuelea bila kushika kitu, kushuka moja kwa moja bila kamba, na kupanda katikati ya maji ya buluu usione ukuta wala sakafu.

Mazoezi yapo nyumbani. Mikondo ya Pemba, Leven Bank kaskazini mwa Unguja, na mlango wa Kinasi pale Mafia hufundisha kupiga mbizi ya kupeperuka kuliko darasa lolote. Mwombe kiongozi wako mbizi tano ambazo utapanda kila mara ukining'inia kwenye boya lako mwenyewe.

Mtungi mmoja utanifikisha wapi?

Piga hesabu kabla ya kwenda. Mtungi wa lita 11 kutoka bar 200 hadi 50 hukupa lita 1,650 hivi za kutumia. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 60 akiwa mita 20, kwa sababu shinikizo pale ni bar 3. Hiyo ni dakika 27. Akiwa mita 15 hupata kama dakika 33. Mkondo ukimlazimisha kupiga mapezi, matumizi huweza kuwa mara mbili. Mtumiaji mkubwa wa hewa aombe mtungi wa lita 15 mapema, siyo siku ya kuingia botini.

Chukua pia mafunzo ya naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, kabla ya safari. Mbizi tatu au nne kwa siku, siku tano mfululizo, hurundika naitrojeni mwilini, na mchanganyiko wa oksijeni asilimia 32 hupunguza mzigo huo. Lakini una mpaka wake: mita 33 hivi kwa kiwango cha shinikizo la oksijeni cha bar 1.4. Pingusi wakipita mita 38, wewe baki juu. Na pima mtungi wako mwenyewe kila mara, uandike asilimia, uiweke kwenye kompyuta ya mbizi. Kusahau hatua hiyo ya mwisho ni jambo la kawaida mno.

Mkondo ukinitoa mwambani?

Roca Partida ni jiwe tu lililochomoza katikati ya bahari. Ukipita pembe yake umetoka kwenye kinga, na mbele yako hakuna kingine. Usipambane kurudi, utaishiwa hewa. Tafuta mwenzako, kaeni pamoja, anzeni kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na mrushe boya mapema ili dereva wa boti ya mpira awaone mkiwa bado chini.

Boya liwe la rangi ya chungwa au njano, urefu wa mita 1.5 au zaidi, na kamba yake isipungue mita 15. Fungua boya ukiwa mita 5 hadi 8 na utazame juu kwanza. Shika gurudumu la kamba mkononi, kamwe usilifunge kwenye jaketi, maana likikwama litakupandisha nalo. Toa pumzi moja ndani ya mdomo wa boya, liachie, iache kamba ikimbie. Likifika juu, vuta kamba ikaze. Boya lisilovutwa hulala juu ya maji na mawimbi hulificha. Kosa kubwa ni kujaza huku umeangalia boya tu: unapanda nalo bila kujua. Tazama kompyuta.

Boti nyingi huazima wageni kifaa kidogo cha GPS na redio cha kuomba msaada. Uliza kinavyofunguliwa, ukifungue ukiwa juu ya sitaha, siyo kwa mara ya kwanza ukiwa mawimbini. Beba filimbi pia.

Na mkondo unaovuta chini?

Hutokea kwenye kuta. Dalili ya kwanza ni mapovu yako kutopanda, au kushuka. Sogea ukutani ushike mwamba imara, au ogelea kwa mshazari kuelekea maji ya wazi mpaka utoke kwenye mkondo. Ukitia hewa kwenye jaketi, kumbuka kuitoa mara tu mkondo unapokuachia, vinginevyo utaruka juu.

Nikiugua, hospitali iko wapi?

Cabo San Lucas, ambako kuna chemba ya kutibu ugonjwa wa mbizi. Ni safari ya zaidi ya siku nzima. Boti ina oksijeni, na kambi ya wanamaji Socorro inaweza kusaidia, lakini panga mbizi zako kana kwamba msaada haupo. Usiguse mipaka ya kompyuta. Kaa mita 5 dakika 3 kila mbizi, na 5 ikiwa hewa inatosha. Kunywa maji, acha pombe mpaka mbizi za siku ziishe. Maumivu ya viungo, ganzi, vipele au uchovu usio wa kawaida, sema papo hapo. Wanaonyamaza kwa aibu ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa oksijeni husaidia sana inapoanza mapema.

Bima lazima itaje kupiga mbizi na kusafirishwa kwa dharura. Bima nyingi za kawaida za safari huacha nje mojawapo. Kuhusu ndege, saa 18 baada ya mbizi ya mwisho ndicho kiwango cha chini kwa aliyepiga mbizi nyingi. Urefu wa safari ya kurudi bandarini huzipitisha.

Kichefuchefu?

Kitakuwepo. Anza dawa usiku wa kabla ya kuondoka, siyo ukishaanza kutapika. Ijaribu dawa hiyo nyumbani kwanza uone kama inakulevya usingizi, na umwonyeshe daktari anayejua mbizi. Omba chumba cha chini katikati ya boti, kula kidogokidogo, tafuna tangawizi.

Gharama na viza zikoje?

Safari ya siku 8 au 9 huanzia karibu dola 3,000 za Marekani, bila nauli ya ndege, ada ya hifadhi, naitroksi na bakshishi. Uwanja wa ndege ni San José del Cabo. Raia wa Tanzania na Kenya huhitaji viza ya Meksiko, isipokuwa mwenye viza halali ya Marekani, Kanada, Japani, Uingereza au nchi za Schengen. Ndege nyingi za kufika huko hupitia Marekani, nayo hudai viza hata kwa anayepita tu. Asiye na viza ya Marekani apite Ulaya hadi Mexico City, kisha achukue ndege ya ndani. Ubalozi wa Meksiko wa karibu uko Nairobi. Anza miezi minne kabla, na uthibitishe nao masharti.

Kamera?

Lenzi pana, kwani manta akija atakuwa karibu kuliko unavyofikiri. Ikiwa mbizi zako za kwenye mkondo hazijafika 50, iache kamera kwa siku mbili za kwanza: mkono ulioshika kamera ndio uliotakiwa kushika kipimo cha hewa. Piga picha moja ya tumbo lake, sehemu ya katikati ya matamvua. Mabaka ya hapo hayafanani kwa manta wawili, kama alama za vidole, na watafiti hupokea picha hizo kupitia MantaMatcher, tovuti ya kutambua manta kwa picha, ili kujua ni nani amerudi, wapi, na baada ya miaka mingapi. Andika tarehe, jina la mwamba na kina.